Filamu hewa za Hollywood, na ukweli uliomo ndani yake

Kuna filamu ya majambazi inayokumbukwa na mamilioni ya watu, na haikuwahi kutengenezwa. Jambazi Johnny yuko ofisini kwake, vivuli vizito ukutani. Anaingia Snakes, amefuata hela zake. Johnny anampa muda wa kuhesabu hadi kumi awe ameshaondoka. Anahesabu moja, mbili, kumi, kisha anammiminia risasi za bunduki ya Thompson huku akicheka kama aliyepagawa. Anayeyatazama haya kwenye televisheni ni Kevin, mtoto aliyesahauliwa nyumbani wakati wa Krismasi katika Home Alone ya mwaka 1990, ambaye baadaye anaitumia sauti ya Johnny kumtimua kijana aliyeleta piza.

Filamu hiyo ya ndani inaitwa Angels with Filthy Souls. Jina lake limegeuzwa kutoka Angels with Dirty Faces, filamu halisi ya Warner Bros ya mwaka 1938 ambamo steringi ni James Cagney. Kipande chote hakifiki dakika mbili. Kilipigwa kwa siku moja, kabla kazi ya filamu yenyewe haijaanza rasmi, ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule iliyokuwa imefungwa karibu na Chicago. Hata watu wa fani walikiamini. Mwaka 2018 mwigizaji Seth Rogen aliandika hadharani kwamba utotoni mwake kote alidhani ni filamu ya kweli ya zamani, na wengi wakajitokeza kusema hata wao. Mimi sioni kwamba walikuwa wajinga. Walichokitambua kilikuwa cha kweli kabisa: taa za chini, maneno yanayotoka haraka kama risasi, kofia, moshi, mlango unaofunguliwa na mtu anayekwenda kufa. Filamu ilikuwa ya uongo, ila mtindo ulikuwa halali.

Kazi za namna hii nitaziita filamu hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa: zina majina, zina wahusika, wakati mwingine zina hata mabango, lakini ukizitafuta hazipo. Mada yenyewe ina mafundo, kwa sababu vitu kadhaa vinavyofanana hutiwa kapu moja. Nitaanza na fundo linalowachanganya wengi.

Kuichezea filamu moja si sawa na kuichezea aina nzima ya filamu. Mfano bora wa kuichezea filamu moja ulitoka kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Carol Burnett, tarehe 13 Novemba 1976. Siku chache kabla yake, televisheni ya NBC ilikuwa imeonyesha Gone with the Wind ya mwaka 1939, kwa hiyo nchi nzima ya Marekani ilikuwa na picha zake kichwani. Katika filamu ile Scarlett, binti wa kusini mwa Marekani aliyefilisika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, anashona gauni kwa pazia la mahameli la kijani ili aende kumwomba Rhett, mwanamume mwenye mali, pesa akionekana bado ni tajiri. Burnett anateremka ngazi amevaa pazia hilohilo, na bomba la kuning'inizia pazia bado limo, limelala mabegani mwake kutoka upande hadi upande. Gauni hilo, kazi ya mbunifu Bob Mackie, sasa liko katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian. Lakini ondoa kumbukumbu ya filamu ya 1939 na kichekesho kinakufa papo hapo. Anabaki mwanamke mwenye bomba begani.

Johnny na Snakes hawahitaji hilo. Mtoto wa miaka minane ambaye hajawahi kumwona Cagney anacheka vizuri tu, kwa kuwa kinachochezewa ni kawaida za aina nzima ya filamu, na kawaida hizo zimemfikia kupitia katuni, matangazo na filamu nyingine zilizoiga. Filamu hewa zilizo bora ni za upande huu. Haziigi filamu fulani. Zinabuni filamu ambayo ingeweza kabisa kuwapo, ikaongozwa na mtu wa zama zile na kuonyeshwa Jumamosi jioni, halafu zinaikaza kidogo mpaka mishono yake ionekane.

Sasa kwa nini ni Hollywood ya zamani inayoigika kirahisi hivi? Jibu liko kwenye namna kazi ilivyofanywa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, sinema ya Marekani ilikuwa mikononi mwa kampuni nane: tano kubwa, yaani MGM, Paramount, Warner Bros, 20th Century-Fox na RKO, na tatu ndogo zaidi, Universal, Columbia na United Artists. Zile tano zilimiliki pia majumba ya sinema, na majumba hayo yalitaka filamu mpya kila wiki. Waigizaji walifungwa kwa mikataba ya miaka mingi. Mtaa wa New York uliojengwa kwa mbao na rangi ulitumika leo kwa filamu ya mapenzi na mwezi ujao kwa filamu ya polisi. Warner Bros walijulikana kwa majambazi, Universal kwa mazimwi na mizuka, MGM kwa nyimbo na dansi. Ukizalisha kwa kasi hiyo, kwa watu walewale na mapambo yaleyale, lazima ujenge mazoea. Mazoea ndiyo chakula cha mwigo.

Juu ya hayo kulikuwa na kanuni za maadili zilizoitwa Kanuni za Hays, zilizopitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Zilitaka uhalifu usionekane unalipa. Ndiyo maana Cagney katika filamu ile ya 1938 anaishia kwenye kiti cha umeme. Hapa kipande cha Home Alone kinatufundisha jambo: Johnny anaua, anacheka, na hapo tunaachana naye. Tumepewa ule utamu tu, ambao waandishi wa zamani walilazimika kuulipia kwa adhabu ya dakika kumi za mwisho. Kanuni hizo ziliondolewa mwaka 1968, lakini umbo zililoziachia filamu bado tunalitambua tukiliona.

Ndugu Joel na Ethan Coen walilichukua umbo hilo lote kwa mara moja katika Hail, Caesar! ya mwaka 2016. Hadithi iko mwaka 1951 katika studio ya kubuni iitwayo Capitol Pictures, na ndani yake mna filamu hewa kadhaa zinazopigwa sambamba: ya Warumi na Kristo, ya mabaharia wanaocheza dansi, ya warembo wanaoogelea kwa mpangilio, ya kaubo anayeimba, na ya matajiri wanaozungumza sebuleni kwa lafudhi nzito. Kuna mazungumzo ambamo studio imewaita kasisi Mkatoliki, padre wa Kiorthodoksi, mchungaji wa Kiprotestanti na rabi, wote wapitie skripti na kuthibitisha kwamba sura ya Yesu haitamkera mtu. Wanashindwa kukubaliana hata juu ya Yesu ni nani, na mmoja anapata nafasi ya kulalamika kwamba tukio la mtu kuruka kutoka gari moja la farasi hadi jingine haliaminiki. Ni kichekesho, lakini ndivyo woga wa studio ulivyofanya kazi: usimkere mnunuzi yeyote wa tiketi. Na kwa nini mwaka 1951? Kwa sababu mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount, ilifungua njia ya studio kubwa kulazimishwa kuachana na majumba yao ya sinema, na televisheni nayo ilikuwa inaingia majumbani. Ufalme ulikuwa umeanza kupasuka, na filamu inauonyesha ukiendelea kucheza dansi.

Filamu hewa ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ilitengenezwa na Hollywood hiyohiyo ya zamani ikijicheka yenyewe. Singin' in the Rain ilitolewa na MGM mwaka 1952, waongozaji wakiwa Gene Kelly na Stanley Donen, skripti ikiwa ya Betty Comden na Adolph Green. Hadithi inarudi mwaka 1927, sauti inapoingia kwenye sinema. Studio ya Monumental Pictures iko katikati ya kupiga filamu bubu ya mapenzi ya makabaila wa Ufaransa, The Dueling Cavalier, na ghafla inaamuliwa iwe filamu ya kuzungumza.

Kila balaa linaloipata filamu hiyo hewa lina mzizi katika historia. Maikrofoni za wakati ule hazikuweza kumfuata mwigizaji, basi zilifichwa. Hapa inafichwa kwenye kichaka, na Lina Lamont, staa mwenye sura ya malaika na sauti ya bati, kila akigeuza kichwa maneno yanapotea. Inahamishiwa kwenye vazi lake, na sasa yanasikika mapigo ya moyo. Siku ya kuionyesha kwa majaribio, shanga zake zinanguruma kama mawe yanayoporomoka, na steringi anarudia "nakupenda, nakupenda, nakupenda" hadi ukumbi unavunjika mbavu, maana katika filamu bubu mtu alijisemea lolote na sasa anasikika. Kisha sauti na picha zinaachana, mwanamume anatoa sauti ya kike na mwanamke ya kiume. Comden na Green hawakuhitaji kubuni sana. Hollywood ilikuwa bado imejaa watu walioyapitia.

Filamu hewa inaokolewa kwa kugeuzwa ya nyimbo, The Dancing Cavalier, na kwa kumfanya msichana asiyejulikana, Kathy, anayechezwa na Debbie Reynolds, aseme na kuimba kwa niaba ya Lina. Nyuma ya pazia mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika sehemu ambayo Kathy anamwingizia Lina maneno, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, mwigizaji wa Lina mwenyewe, ambaye kwa kawaida alikuwa na sauti nzuri ya kina. Na baadhi ya nyimbo za Reynolds ziliimbwa na Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu. Yaani filamu inayomfichua staa anayetumia sauti ya mwingine, nayo ilifanya vilevile, kwa mwanamke halisi aliyebaki gizani. Kwangu mimi hili haliipunguzii filamu thamani, ila linamdai mtazamaji alijue jina la Noyes.

Donen alirudi kwenye mchezo huu mwaka 1978 na Movie Movie, ambamo mtazamaji anapewa filamu mbili hewa kwa tiketi moja, ya mabondia na ya wacheza dansi wa jukwaani, na trela ya filamu ya marubani katikati, kwa waigizaji walewale wanaobadilisha nguo. Tiketi moja kwa filamu mbili ulikuwa mtindo wa majumba ya sinema wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, miaka ya 1930. Ni kazi nzuri isiyotazamwa vya kutosha.

Fundo jingine ni la sheria, na ni watu wachache wanaojua kwamba vichekesho hivi viliwahi kufika Mahakama ya Juu. Jack Benny, mchekeshaji wa redio na televisheni, aliicheza upya kwa mzaha Gaslight, filamu ya MGM ya mwaka 1944 kuhusu mume anayemfanya mkewe aamini kuwa anarukwa na akili. Loew's, kampuni mama ya MGM, ikaishtaki televisheni ya CBS na Benny. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1956 kwamba kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzako ni kuchukua, hata kama umechukua ili watu wacheke. Mwaka 1958 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, hivyo uamuzi wa chini ukabaki.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, jaji aliyekuwa ameisikiliza katika ngazi ya kwanza, James Carter, alikuwa na kesi pacha mezani. Columbia ilikuwa imeishtaki NBC kwa sababu mchekeshaji Sid Caesar aliichezea filamu yake, From Here to Eternity, akaiita From Here to Obscurity. Safari hii jaji alimpa ushindi mchekeshaji: aliyeiga ana haki ya kuchukua kiasi cha kumkumbusha mtazamaji ile ya asili. Ni fikra ileile iliyokuja kuimarishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1994, katika kesi ya wimbo, ilipotambua kwamba mwigo wa mzaha unaweza kuwa matumizi halali ya kazi yenye hakimiliki.

Ukiyaweka haya kando ya Johnny na Snakes, faida ya filamu hewa inaonekana. Hakuna kampuni inayomiliki kofia, vivuli na jambazi anayecheka. Anayebuni filamu isiyokuwapo anaichezea aina, na aina haina mwenyewe.

Usalama wa kisheria lakini hauleti ubora. Ninaamini kabisa kwamba mwigo unaofaulu hutengenezwa na watu wanaoipenda kazi wanayoicheka na wanaojua fundi wa zamani alishikaje nyundo. Mwongozaji Mel Brooks alipotengeneza Young Frankenstein mwaka 1974 alishikilia iwe nyeusi na nyeupe. Columbia ikakataa, naye akaihamishia 20th Century-Fox. Mitambo ya maabara inayotoa cheche ndani yake ni ileile ya Kenneth Strickfaden, aliyeitengeneza kwa ajili ya Frankenstein ya mwaka 1931 na kuihifadhi miaka yote hiyo. Carl Reiner na Steve Martin walikwenda mbali zaidi mwaka 1982 katika Dead Men Don't Wear Plaid: Martin, akiwa mpelelezi wa kujitegemea, anazungumza na Humphrey Bogart, Barbara Stanwyck na wengine waliochukuliwa moja kwa moja kutoka filamu za zamani, hasa za miaka ya 1940, vipande vikiunganishwa na picha mpya kwa taa na mavazi yanayolingana. Mavazi yalikuwa ya Edith Head, aliyewavisha baadhi ya mastaa hao enzi zao, na ndiyo filamu yake ya mwisho. Mtu anayetaka tu kudhihaki haendi kumtafuta Edith Head.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mlango wetu wa kuingilia hapa. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza Lufufu akiitafsiri filamu kwa sauti yake jijini Dar es Salaam, au aliyekua na sauti ya DJ Afro nchini Kenya, anajua kwamba filamu ya Marekani inaweza kubaki na picha zake zote na bado ikawa filamu nyingine. Steringi anapewa jina jipya, adui anatukanwa kwa lugha ya mtaani, na kimya kirefu cha msanii wa Hollywood kinajazwa utani. Filamu waliyoondoka nayo watazamaji wale haimo kwenye orodha ya studio yoyote. Tena mtafsiri wa namna hiyo ni mchambuzi: anajua wapi muziki ukibadilika mtu atakufa, na anawaambia watu mapema.

Filamu hewa inaweza hata kukosa picha kabisa. Novemba 2022, watumiaji wa mtandao wa kijamii wa Tumblr waliamua kwa pamoja kwamba mwongozaji Martin Scorsese aliwahi kutengeneza filamu ya mafia wa Naples mwaka 1973, Goncharov, wakiongozwa na maandishi ya ajabu yaliyoonekana kwenye lebo ya buti. Mmoja akachora bango, wakapangwa Robert De Niro na Al Pacino, wengine wakaandika uchambuzi wa maana ya saa za ukutani zinazojirudia, wengine wakatunga muziki wake. Scorsese mwenyewe, alipoulizwa na bintiye, alijibu kwamba ni kweli aliitengeneza zamani. Miaka ya 1970 si Hollywood ya studio tena, lakini kanuni ni ileile: maelfu ya watu wasiojuana waliweza kujenga filamu moja inayoeleweka kwa kuwa wote walijua filamu kama hiyo ingekuwaje.

Liko jambo moja ambalo mwigo wa mapenzi huliruka, na haifai kulinyamazia. Bomba la pazia la Burnett linachekesha kweli, lakini Gone with the Wind ni filamu inayoupamba utumwa, na kichekesho kile kilipita pembeni ya jeraha. Nafasi ya mtumishi, iliyochezwa mwaka 1939 na Butterfly McQueen, mwanamke mweusi, ilikwenda kwa Vicki Lawrence, mzungu. Anayependa kitu huona kwanza madoido yake. Kilichofichwa chini ya madoido humhitaji mtu mwenye mapenzi na hasira kwa pamoja.

Blazing Saddles, ambayo Brooks aliitoa mwaka huohuo wa 1974, ilikuwa na vyote viwili, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Richard Pryor. Filamu za kaubo kwa miongo zilikuwa zimewafuta makaubo weusi, ingawa historia inawajua kwa maelfu. Hapa Cleavon Little ni sherifu mweusi anayetumwa kwenye mji wa wazungu wasiomtaka, na ubaguzi ambao filamu za zamani ziliupitia kimya unasemwa kwa sauti kubwa mpaka unajiaibisha. Kisha, katika vita vya mwisho, ngumi zinavuka mipaka ya hadithi. Ukuta wa studio unabomoka na makaubo wanaangukia katikati ya filamu hewa ya jirani, ya wanaume waliovaa makoti marefu na kofia ndefu wakicheza dansi kwa mpangilio. Mwongozaji wa dansi anapigwa ngumi, vita vinahamia kwenye mkahawa wa studio, vinatoka hadi barabarani. Sherifu anammaliza adui wake nje ya jumba la sinema la Grauman's Chinese, halafu anaingia ndani na rafiki yake, wanatafuta viti, wakaitazame filamu yao inavyoisha.